Tairi za winta: ninunue, au hizi nilizo nazo zatosha? Corolla 2011, Edmonton

BintiMikindani
27 Oktoba, saa 4 usiku

Asalaam aleikum wenzangu, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mgeni hapa Edmonton, Kanada. Niliingia mwezi wa tatu theluji ikiwa yaishaisha, kwa hivyo sijaendesha gari kwenye theluji hata siku moja. Leseni nimepata Julai. Gari ni Corolla ya 2011, nimeinunua kwa mama mmoja tunayefanya naye kazi. Naishi Mill Woods, kazi ni nyumba ya wazee kule Leduc, zamu yaanza saa moja asubuhi. Ina maana saa kumi na mbili na dakika kumi niwe barabarani, na naambiwa Disemba saa hiyo ni giza totoro na gari la kukwangua theluji mara nyingi halijapita.

Maswali yangu ni haya.

Tairi zilizoko zimeandikwa M+S, za misimu yote. Mjomba wa mume wangu, yuko Toronto miaka kumi na sita, aniambia zatosha. "Misimu yote ni misimu yote, ama winta si msimu?" Fundi aliyenibadilishia oili naye asema nisipoweka za winta atakuja kunivuta mtaroni. Sasa mjomba hauzi tairi, fundi auza. Nimuamini nani?

Pili, nimeona tairi nne za winta, mtumba, dola 200 zote nne. Mwenyewe asema hazikutumika sana, na kweli kwa picha meno bado ni marefu. Ubavuni pana maandishi mengi, 195/65R15 ambayo nimeilinganisha na zangu ni sawa, na mwisho kuna kijisanduku kimeandikwa 0914.

Tatu, naweza kuweka mbili tu za mbele? Corolla yavutwa na mbele. Pesa ndiyo hiyo, watoto wawili, na mamangu Mombasa atarajia kitu kila mwisho wa mwezi.

Nne, na msinicheke: ukifunga breki juu ya barafu gari lasimama vipi hasa?

UtingoMstaafu
28 Oktoba, saa 1 asubuhi

Dada, karibu Edmonton. Nijitambulishe ili ujue unasikia kutoka kwa nani. Nilikuwa utingo wa Fuso, Tanga hadi Lushoto, miaka minne ya kabichi na viazi. Hapa ni mwaka wa kumi na moja nafunga na kufungua matairi kwenye gereji moja kusini mwa mji. Kwa hiyo mimi pia nauza, kama huyo fundi wako. Yapime maneno yangu ukilijua hilo.

Mjomba hajakudanganya. Amekwambia ya Toronto. Toronto inapata theluji, lakini baridi yake na baridi yetu haziketi meza moja. Hapa kuna wiki nzima kipimajoto hakipandi juu ya −25, na jambo lenyewe ni baridi kabla hata ya theluji. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Sisemi 7 chini ya sifuri, nasema 7 juu yake, siku ambayo unatoka na sweta tu. Mpira wa tairi la winta huchanganywa makusudi ubaki laini.

Januari moja nilimwonyesha mteja hapa. Kulikuwa −31. Nilitoa matairi mawili kwenye kontena la nje, la misimu yote na la winta, nikayalaza sakafuni kabla hayajapata joto la gereji, nikamwambia abonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Kwenye la kwanza ukucha uliteleza kama juu ya sahani. Kwenye la pili uliingia, ukaacha alama kama mwezi mchanga, na alama ile ikajifuta pole pole tukiitazama. Mzee yule alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza nani atamsafishia ukucha.

Sasa inama uyatazame meno yenyewe, sisi mafundi wa Bongo tunaita kashata. Kashata ya tairi la winta imechanjwa chale nyembamba za mawimbi, juu mpaka chini, kama mtu aliyetoka kwa mganga. Tairi likikanyaga, kila chale inafunguka kidogo na kingo zake zinauma theluji. Kwenye barafu chale hizo hizo hufyonza ule utando wa maji unaokaa juu, maana kinachotelezesha zaidi ni yale maji. Na ukiona theluji imejishindilia katikati ya kashata usihangaike kuichokonoa. Theluji hushika theluji. Watoto wako wakianza kufinyanga mabonge ya kurushiana utaelewa ninachosema.

Hiyo M+S yako maana yake ni matope na theluji. Mtengenezaji huipiga kwa kuangalia umbo la mifereji tu, hakuna jaribio la theluji nyuma yake. Unachotafuta ubavuni ni picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Hiyo hupatikana tairi likijaribiwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulipita tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Nikwambie na siri ya jikoni: jaribio hilo la huku hupima gari linavyojivuta, halipimi breki, wala halifanywi juu ya barafu. Kwa hiyo mlima ni cheti cha darasa la saba, si shahada. Lakini asiye nacho kabisa simpi kazi.

Hayo ya dola 200, achana nayo. 0914 ni wiki ya 9 ya mwaka 2014. Mpira huo umeshakula baridi na jua zaidi ya miaka kumi. Meno marefu ni nusu ya habari. Tairi linazeeka hata likiwa limeegemea ukuta, mafuta yake yanakauka na ule ulaini uliolipia haupo tena. Ukienda kuyaona, yakunje kidogo utazame chini kati ya kashata na kashata. Nina hakika utakuta nyufa kama za kisigino wakati wa kiangazi. Kwenye gari langu mwenyewe sivuki majira sita ya baridi, hata kama meno yapo.

Ukikuta mtumba wa miaka miwili au mitatu, chukua sarafu ya senti 25 yenye kichwa cha yule mnyama wa pembe aitwaye caribou, uitumbukize kwenye mfereji pua ikitangulia chini. Pua ikizama yote, endelea kuongea bei. Ncha ya pua ikionekana, mfereji umeshuka kwenye milimita 4.8 hivi, na mtumba wa hivyo usiulipe kama kitu cha maana. Hautamaliza misimu miwili.

Mawili ya mbele tu: hapana, na hapa sina utani. Nimekataa kuwafungia watu, wakaondoka wamenuna. Mbele itashika na nyuma itaendelea na safari yake. Unaingia kwenye ile kona ya kutokea barabara ya Henday, unagusa breki, ghafla unauona mkia wa gari lako mwenyewe dirishani unakupita. Kusererekea mbele mtu anaweza kukurekebisha. Mkia ukishatoka, dereva wa mwezi wa tatu haurudishi.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Manne mapya ya bei ya kati, yenye mlima, na rimu zake za chuma. Corolla yako ni nati tano, kipimo 5x100, rimu hizo zimejaa mjini kwa sababu magari hayo yamejaa mjini. Rimu zitakuuma mwaka wa kwanza, lakini kuanzia mwaka wa pili hulipi mtu kuvua na kuvisha mpira kila Oktoba na kila Aprili. Unabadilisha mwenyewe kwa jeki. Na kumbuka yale mengine yanapumzika kabatini miezi sita, kwa hiyo seti mbili zinadumu miaka ya seti mbili. Pesa haipotei, imelala tu.

Ikishindikana, yapo matairi ya hali zote. Usiyachanganye na ya misimu yote ingawa majina yanafanana kama mapacha. Ya hali zote yana ule mlima ubavuni na unakaa nayo mwaka mzima. Kwenye barafu hayalifikii la winta halisi na kiangazi yanaisha haraka kidogo, ila ni afadhali mara nyingi kuliko hayo uliyo nayo.

Ya misumari, yale yenye vijiti vya chuma kwenye kashata, nakushauri uyaache. Mkoa wetu huu wa Alberta yanaruhusiwa, na anayeishi shambani kwenye barabara ya barafu tupu simkatazi. Wewe njia yako ni lami, siku nyingi itakuwa imekwanguliwa, na misumari juu ya lami kavu ni kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, na breki haziwi nzuri.

Breki nitakujibu jioni, mteja amefika.

MkaleWaBrooklynPark
28 Oktoba, saa 3 asubuhi

Niaje watu wangu. Mimi nitapinga kidogo. Niko Minnesota tangu 2015, baridi yetu mnaijua. Nina RAV4 inayosukuma magurudumu yote manne, tairi za kawaida, na sijawahi kununua za winta hata siku moja. Sijawahi kukwama. Hapa sheria hailazimishi, na misumari sisi wakazi hata tumekatazwa. Siri ni kwenda polepole na kuacha nafasi. Dada nunua gari ya nne kwa nne kwanza.

MzeeWaBuyenzi
28 Oktoba, saa 6 mchana

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mrundi, niko Sherbrooke, Québec. Kwetu Bujumbura tulikuwa tunasema ipine, sasa hapa nimejifunza kuzijali hizo ipine kama watoto.

Kwetu hapa ubishi wa mjomba na fundi hauna nafasi, serikali imeumaliza. Tangu 2008 ni sheria: mwanzo ilikuwa kuanzia tarehe 15 Disemba, kisha wakaona watu wanagongana mapema, kuanzia 2019 wakaisogeza, sasa ni tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi. Lazima tairi liwe na ule mlima, au liwe la misumari. Faini yaanzia dola 200, na juu yake kuna gharama zao. M+S peke yake hawaitaki. Nilipofika nilimwambia polisi "lakini imeandikwa theluji hapa." Alicheka, akaandika.

Nina moja la kuongeza kutokana na ujinga wangu. Mwaka wa pili nilibadilisha mwenyewe uani, nikakaza nati, nikafurahi. Siku ya tatu, barabara kuu, nikasikia kama mtu anagonga mlango wa nyuma, kwa adabu, ko ko ko. Nilidhani ni chupa imeanguka ndani. Nikaendelea. Kule kugonga kukazidi, usukani ukaanza kutetemeka, nikasimama. Nati mbili zilikuwa zimeshaondoka, tatu nilizigeuza kwa vidole. Sikujua kwamba rimu ikishafungwa upya inajikalisha, na ukishatembea kilomita 80 mpaka 100 lazima uzikaze tena. Na kutu nyuma ya rimu uisugue kwa brashi ya waya kabla hujaifunga.

Jambo dogo: ukivua, andika kwa chaki ndani ya kila tairi lilikokaa, mbele kushoto, nyuma kulia. Mwezi wa kumi hutakumbuka.

UtingoMstaafu
28 Oktoba, saa 2 usiku

Mzee, hiyo ko ko ko imenitoa jasho. Dada, nati za Corolla zinakazwa kwa newtoni-mita 103, ukiazima ile spana yenye kipimo. Usizipande kwa mguu. Ukizidisha unanyoosha boliti, na Januari hutaweza kuzifungua kando ya barabara.

Ndugu wa Brooklyn Park, nakuheshimu, umekaa kwenye baridi muda mrefu. Lakini angalia ulichosema: hujawahi kukwama. Nakuamini. Magurudumu manne yanayosukuma hukuondoa kwenye taa kabla ya wenzako wote. Kusimama je? Kila gari linafunga breki kwa magurudumu manne, na Corolla ya dada pia. Pale juu ya barafu RAV4 yako na Corolla yake ni sawa, tena yako ni nzito zaidi. Magari ninayoyaona yamevutwa kutoka mtaroni baada ya theluji ya kwanza, mengi ni hayo ya nne kwa nne, kwa sababu mwenyewe aliondoka vizuri akadhani atasimama vizuri.

Sasa breki. Mwaka wangu wa kwanza, 2013, nilikuwa na gari kuukuu lenye matairi ya misimu yote, nashuka Groat Road kuelekea mtoni. Kulikuwa −3 tu, nilishakuwa mjuaji. Magari ya mbele yakasimama. Nikakanyaga. Mguu ukaanza kutetemeka, ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inasaga kama kinu cha kahawa, na gari halikupunguza chochote. Linakwenda tu, kimya, kama mtumbwi. Nikaingiwa na hofu nikaachia breki, nikakanyaga tena, nikaachia, mambo ya Fuso. Nikaupeleka usukani kulia nikachagua ukingo wa barabara kuliko kumpanda mtu. Rimu ilipasuka, mimi nikatoka salama na aibu.

Makosa yangu pale ni mawili mbali na matairi. Moja, kwenye gari lenye ABS hutakiwi kupampu. Kanyaga mpaka chini, kaa hapo hapo, acha itetemeke, macho yako na usukani vielekee mahali unapotaka kwenda, si kwenye kitu unachokiogopa. La pili, nilidhani −3 ni nafuu kuliko −30. Ni kinyume. Barafu iliyo karibu na sifuri ina maji juu yake na ndiyo inayotelezesha kuliko zote. Ya −30 ni kavu, inakwaruza kidogo. Siku za kuogopa ni za Novemba na Machi, jua limeyeyusha mchana, usiku imeganda, asubuhi lami inang'aa kama imelowa tu. Ukiona imelowa na kipimajoto kinasema −4, si maji hayo.

Utakutana nayo zaidi makutanoni, kwenye mita chache kabla ya taa. Magari yanasimama na kuchezesha magurudumu siku nzima mpaka yanapang'arisha kama sakafu ya benki. Na juu ya madaraja, maana upepo unapita chini na daraja linaganda kabla ya barabara. Funga breki mapema, kabla ya sehemu inayong'aa.

Zoezi: Jumapili asubuhi baada ya theluji ya kwanza, tafuta maegesho makubwa matupu yasiyo na nguzo katikati. Nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki mpaka mwisho. Shuka, hesabu hatua za alama ya magurudumu. Kisha fanya hivyo kwa 60 kama nafasi inaruhusu kweli kweli. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Ukishazihesabu hizo hatua kwa miguu yako utaacha mwenyewe kumfuata mtu nyuma kwa karibu.

Upepo: kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu hivi, tairi linapoteza psi 1, yaani kile kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, ukatoka nje kwenye −30, umeshapoteza kama psi 9. Tairi litakuwa limelegea kama chapati. Pima asubuhi kabla hujatembea, fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na kuna watu watakwambia punguza upepo ili lishike theluji. Hiyo tulifanya na Fuso kwenye matope ya masika, na minyororo juu yake. Barabarani usifanye.

Ukienda kuwatembeza watoto Jasper, ujue Alberta hailazimishi mjini lakini ile barabara ya milimani, ya 93 kaskazini, inadai M+S au mlima kuanzia 1 Novemba hadi 1 Aprili. Ukivuka kuingia British Columbia ni kuanzia 1 Oktoba kwenye barabara nyingi za milimani.

MtotoWaKiboshoTampere
29 Oktoba, saa 5 asubuhi

Naingia kwa ufupi tu. Mimi niko Tampere, Finland. Jirani yetu ni mji unaoitwa Nokia, ndiyo, Nokia ile ile ya simu, na hapo ndipo tairi la kwanza la winta duniani lilipotengenezwa, 1934, kwa ajili ya malori. La magari madogo likafuata 1936. Huku sheria ni Novemba hadi Machi hali ya hewa au ya barabara ikidai, na meno yasipungue milimita 3. Wengi hutumia misumari na hakuna anayeona ajabu, maana barabara zetu za vijijini hubaki na barafu majira yote.

Dada, kabla ya leseni yangu nilipelekwa kwenye uwanja wa utelezi, mwalimu kakaa pembeni anakunywa kahawa mimi nazunguka kama pia. Zoezi la Utingo la maegesho ni kitu hicho hicho bila kahawa. Lifanye.

BintiMikindani
5 Desemba, saa 3 usiku

Nimerudi, na shukrani zangu hazina kipimo.

Ya 0914 niliyaacha. Nilikwenda kuyaona kwanza, kwa ubishi tu, nikayakunja kama ulivyosema. Nyufa za kisigino kabisa. Mwenyewe akashusha hadi dola 120. Nikamwambia asante.

Nimepata manne mapya na rimu za chuma, mume wangu akasema tutakula maharagwe hadi Januari, nasi twala. Nati nimezikaza tena baada ya kilomita 90. Ya mbele kushoto ilikuwa imelegea robo mzunguko! Mzee wa Buyenzi Mungu akuweke.

Zoezi nimefanya maegesho ya msikiti, Jumamosi, hapakuwa na mtu. Kwa 30 nilihesabu hatua kumi na moja. Ya 60 sikufanya, moyo ulikataa. Ile breki ilipotetemeka nilipiga kelele, mwanangu wa miaka saba akiwa nyuma, naye akacheka akataka turudie. Tumerudia mara sita.

Jana kulianguka theluji usiku, QEII, barabara kuu ya kwenda Leduc, haijakwanguliwa, nimekwenda 70 na lori zanipita zanimwagia unga kwenye kioo. Nilifika saa moja kasoro dakika nne.

Swali dogo: nimekwama mara moja uani kwetu, tairi lazunguka tu. Nilitia zulia la miguu chini yake, zulia likaruka likampiga jirani gotini. Kuna njia ya watu wazima?

UtingoMstaafu
5 Desemba, saa 4 usiku

Pole jirani. Beba mfuko wa mchanga na koleo fupi. Toa theluji mbele ya magurudumu ya mbele na nyuma yake, nyoosha usukani, zima kile kitufe kinachozuia tairi kuzunguka, kwa dakika hizo tu. Kisha mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, gesi kama unamshika kuku. Tairi likianza kuzunguka bure achia mara moja, maana kila mzunguko unang'arisha shimo. Ikishindikana mwaga mchanga. Zulia liache sebuleni.

BintiMikindani
14 Januari, saa 1 usiku

Utingo, nisaidie haraka, kesho niko zamu. Leo asubuhi −36. Waya wa kupasha injini niliuchomeka, imewaka vizuri. Lakini nilipotoka gari yadunda, dup dup dup dup, kiti chote chatikisika, kama tairi zote nne zina pancha. Nimeshuka mara mbili, nimepima upepo, uko sawa. Nati zimekaza. Nimerudi nyumbani nikapiga simu kazini kuwa nachelewa, nikapewa lifti. Rimu zimepinda?

UtingoMstaafu
14 Januari, saa 2 usiku

Hazijapinda. Matairi yamelala. Gari likikaa usiku kucha kwenye baridi hiyo, ile sehemu iliyokanyaga chini inagandia ubapa wake, asubuhi gurudumu lina upande mmoja bapa na linadunda mpaka mpira upate joto. Magari yote ya mtaa wako yamedunda leo, wenzako wamezoea tu hawashtuki. Kesho toka dakika kumi mapema, nenda 40 kwenye barabara za ndani, usiingie QEII mpaka linyamaze. Likiwa bado linadunda baada ya kilomita kumi, niletee.

BintiMikindani
15 Januari, saa 9 alasiri

Lilinyamaza nilipofika Ellerslie.